Laini moja ikitoka, mbona giza linafika mbali hivo?

Ndugu umeuliza inakuaje laini moja tu ya umeme itoke alafu nchi nzima izime. Iko hivi, laini ikitoka mzigo wake unahamia papo hapo kwenye zilizobaki, na kama nazo zilikua zimeshajaa zinapata moto, na waya ukipata moto unarefuka, unalegea, unashuka, ukikaribia mti tu unapiga shoti na breka inaikata, basi mzigo unahamia tena kwa nyingine. Ndo kilichotokea Ohio, Marekani, 14 Agosti 2003, laini za kilovolti 345 ziligusa miti moja baada ya nyingine, na kibaya zaidi mfumo wa alamu kwenye chumba cha kuongozea ulikua umekufa na waliokuepo zamu hawajui!! Mpaka inafika saa kumi na robo hivi jioni watu kama milioni 50, Marekani na Kanada, hawana umeme.

Alafu kuna frikwensi, yani umeme unaenda na kurudi mara ngapi kwa sekunde. Mtambo mkubwa wa kuzalisha umeme ukitoka ghafla frikwensi inashuka, ikishuka sana na majenereta mengine yanajitoa yenyewe yasiharibike, upungufu unazidi. Ndo maana kuna relei, yani vifaa vya kukata umeme vyenyewe, zinazokata baadhi ya maeneo makusudi ndani ya sekunde chache, watu wanalalamika sana ila mi naona bora hivo mara mia, maana gridi, yani mtandao mzima wa umeme, ikizima yote kuiamsha ni masaa mengi, mitambo mingi yenyewe inahitaji umeme ndo iwake.