Pasti pepa za kemia kidato cha nne: alama zinapotelea wapi

Kuanzia mwezi wa nane, stationari za Mwanza, iwe Igoma, Buzuruga au kule Kirumba, hazipumziki kutoa kopi za pasti pepa. Kitabu kimebanwa waya, kina miaka kumi au kumi na mitano ya mitihani, na majibu yote yamewekwa nyuma. Mwanafunzi anaketi nacho, anasoma swali, anafunua nyuma, anaitikia kwa kichwa kwamba "hili nalijua", anakwenda linalofuata. Baada ya wiki tatu amemaliza kitabu kizima na hajaandika hata mlinganyo mmoja kwa mkono wake.

Huko ni kusoma majibu ya watu. Ng'oa hizo kurasa za nyuma, mpe mwenzako akutunzie, kisha uanze.

Kabla hujatoa hela ya kopi, ingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Mitihani ya miaka iliyopita ipo pale bure, na pembeni yake kuna kitu ambacho wanafunzi wengi hawakigusi: taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Inachukua kila swali, inaonyesha watahiniwa walilifanyaje, na inaweka picha ya jibu zuri na jibu bovu kama yalivyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Soma jibu bovu kwanza. Jibu zuri litakufurahisha tu. Lile bovu, mara nyingi, utakuta linafanana na la kwako la jana usiku.

Mzunguko wa kwanza usifanye mtihani mzima. Chukua mada moja, tuseme moli (kizio cha kuhesabia chembe), kusanya maswali yake yote kutoka mitihani ya miaka kumi, ufanye mfululizo. Ukifika swali la sita utaanza kuona kwamba linaloulizwa ni lile lile limebadilishiwa namba. Kidato cha tatu ndicho kimebeba hesabu karibu zote (moli, titresheni yaani kupima asidi inayomaliza besi, elektrolisisi, nishati), kwa hiyo anzia huko, si kwenye mada za kidato cha nne zilizo mbichi kichwani. Mitihani mizima kwa saa iliyopangwa iache hadi baada ya moko, ule mtihani wa majaribio.

Ukifika hapo, heshimu dakika. Kwa mpangilio wa miaka ya karibuni, pepa ya nadharia ni ya saa 3 na alama 100: sehemu A alama 16, sehemu B alama 54 kwa maswali sita ya alama 9 kila moja, na sehemu C alama 30, ambako unachagua maswali mawili ya alama 15. Gawanya dakika 180 kwa alama 100, unapata dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la alama 9 lina haki ya dakika 16, la alama 15 dakika 27, na sehemu A ikizidi dakika 29 ujue unakula muda wa insha. Ukitumia pepa za zamani sana, mpangilio wake si huu. Maswali yake bado yana faida, lakini usiyapimie muda kwa mtindo wa sasa.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo alama zinamwagika kwa wingi. Chukua swali la aina hii, linalorudi kila baada ya muda likiwa limevaa nguo tofauti. Kabonati ya sodiamu yenye maji, Na₂CO₃·xH₂O, gramu 14.3, imeyeyushwa kupata lita moja ya myeyusho. Sentimita za ujazo 25 za myeyusho huo zimehitaji sentimita za ujazo 25.00 za asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita). Tafuta x.

Andika mlinganyo kwanza, hata kama hujaombwa: Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂. Moli za asidi ni 0.1 × 25 ÷ 1000 = 0.0025. Kabonati ni nusu yake, 0.00125, ndani ya sentimita 25. Kwa lita moja inakuwa 0.05. Gawanya 14.3 kwa 0.05 upate 286, gramu za moli moja. Toa 106 ya Na₂CO₃ kavu, inabaki 180, gawanya kwa 18 ya maji: x ni 10.

Angalia mtego ulipo. Anayesahau ile 2 mbele ya HCl anapata kabonati 0.1 M, kisha 143, kisha anatoa 106, inabaki 37, akigawanya kwa 18 anapata 2.06. Anaandika "x = 2" kwa furaha kwa sababu limekaribia namba nzima! Jibu linaweza kuonekana safi na bado likawa la uongo. Kinga yake ni ndogo: kila hesabu ya titresheni, piga mstari chini ya namba za mbele kwenye mlinganyo kabla hujashika kikokotoo.

Mtego mwenzake, kwenye elektrolisisi, ni muda. Mkondo wa ampea 0.5 kwa dakika 32 na sekunde 10 ni sekunde 1930, chaji ni kulomu 965, yaani faradei 0.01 (faradei moja ni kulomu 96,500). Shaba inataka elektroni mbili kwa kila ioni, kwa hiyo ni moli 0.005, gramu 0.32. Wapo wanaoacha dakika kama dakika, jibu likawa dogo mara 60, na wapo wanaosahau zile elektroni mbili, jibu likawa kubwa mara mbili.

Kosa lolote kati ya haya likikupata, liingize kwenye daftari dogo la makosa. Usiandike "nimekosea moli". Andika "nimesahau uwiano 1:2, swali la titresheni", na tarehe. Baada ya wiki mbili fungua uone ni sentensi gani imejirudia mara tatu. Hiyo ndiyo mada yako ya Jumamosi.

Pepa ya vitendo inahitaji mkono, na pasti pepa peke yake haitoshi. Hata hivyo inakuonyesha nini kitaulizwa: titresheni karibu kila mara, na la pili mara nyingi ni kuchambua chumvi au kasi ya mmenyuko. Ukiwa na bureti, ule mrija wenye vipimo unaodondosha asidi, yafuatayo ndiyo yanayoharibu matokeo.

Bureti suuza kwa asidi itakayoingia humo, pipeti kwa besi itakayopimwa nayo, lakini chupa ya konikali suuza kwa maji yaliyotoneshwa peke yake. Ukiisuuza konikali kwa besi, matone yanayobaki ukutani yanaongeza moli ambazo hukuzipima. Katika lile swali letu, usomaji ukipanda kutoka 25.00 hadi 25.60 kwa uzembe huo, x inashuka hadi 9.6 hivi. Toa faneli juu ya bureti kabla ya kuanza, kwa sababu tone linaloanguka katikati ya kazi linadanganya usomaji. Hakikisha ncha ya chini haina kipovu cha hewa. Kikitoka katikati ya titresheni, bureti itasema umetumia asidi zaidi ya iliyoingia kwenye konikali.

Soma chini ya mbinuko wa kioevu, jicho likiwa usawa nao, na andika desimali mbili: 25.00, si 25. Jaribio la kwanza ni la kukadiria, halimo kwenye wastani. MO (methyl orange, kiashiria cha rangi) weka matone mawili tu. Kwenye besi ni njano, kikomo ni pale inapogeuka chungwa, na ikishakuwa nyekundu ya pinki umepitiliza. MO inafaa asidi kali na besi dhaifu kama kabonati. Asidi dhaifu na besi kali inataka POP (phenolphthalein), ambayo ni pinki kwenye besi na haina rangi kwenye asidi. Sababu ya kuchagua kiashiria huulizwa, na "kwa sababu ndiyo tuliyopewa" haina alama.

Uchambuzi wa chumvi una tatizo lake la uandishi. Jedwali lina safu ya jaribio, safu ya ulichoona na safu ya unachohisi kipo. Mwanafunzi anatia asidi kwenye kabonati, anaona povu, na kwenye safu ya ulichoona anaandika "gesi ya kabonidayoksaidi imetoka". Hukuiona kabonidayoksaidi. Umeona povu na gesi isiyo na rangi iliyogeuza maji ya chokaa kuwa kama maziwa. Jina la gesi linakaa safu ya tatu. Kwa kosa hili moja mtu anapoteza alama mstari baada ya mstari, na kemia anaijua vizuri tu.

Zinki na risasi ndizo zinazochanganya zaidi. Zote mbili zinatoa mashapo meupe kwa hidroksidi ya sodiamu, na yote yanayeyuka ukizidisha. Nenda kwa amonia: mashapo ya zinki yanayeyuka ukizidisha, ya risasi yanabaki. Masalia baada ya kuchoma nayo yanasema, kwani oksidi ya zinki ni njano ikiwa moto na nyeupe ikipoa. Ukitaka kuthibitisha risasi, tia iodidi ya potasiamu uone mashapo ya njano.

Kuthibitisha kloridi kwa nitrati ya fedha, tia kwanza asidi ya nitriki, kamwe si ya hidrokloriki, maana hapo kloridi umeileta mwenyewe. Amonia ijaribu kwa karatasi ya litmasi nyekundu iliyolowa. Ikiwa kavu haibadiliki, kwa sababu gesi inahitaji maji ili itoe ioni za hidroksidi. Nitrati kwa pete ya kahawia: asidi ya salfuriki iliyokolea ishuke polepole ukutani mwa tyubu iliyoinamishwa, na usitikise. Ukitikisa, pete inapotea na tyubu inachemka.

Shule ikiwa na bureti tatu kwa darasa zima, fanya mazoezi ya macho nyumbani. Magadi ya kupikia maharage ukiyakamulia ndimu utaona povu la kabonati. Juisi ya rozela isiyo na sukari ni kiashiria: ndimu inaifanya nyekundu zaidi, maji ya magadi yanaibadilisha kuelekea kijani. Alama za bureti hazitakuja kwa rozela, ni kweli, lakini mkono wa kutia tone kwa tone na kutazama rangi unaanza hapo.

Sehemu C watu huiogopa kwa sababu ya Kiingereza. Mtihani uko kwa Kiingereza, hakuna namna. Kwenye kundi la majadiliano elezaneni kwa Kiswahili mpaka kila mtu aelewe, kisha kila mmoja aandike jibu kamili kwa Kiingereza, peke yake, bila kuangalia. Na soma kitenzi cha swali. Likisema taja, mstari mmoja unatosha. Likisema eleza, hoja inataka sababu na mfano, na hapo ndipo aliyekulia kando ya ziwa ana mtaji asioutumia.

Swali la mbolea na uchafuzi? Nitrati na fosfati zinazosombwa na mvua toka mashambani zinarutubisha maji ya ziwa, gugu maji linastawi, likioza bakteria wanamaliza oksijeni, samaki wanakosa hewa. Maji magumu? Maji ya Ziwa Viktoria yana chumvi kidogo, sabuni inatoa povu mara moja. Birika lenye ukoko mweupe ndani limechemshia maji ya namna nyingine, yenye haidrojenikabonati za kalsiamu au magnesiamu. Metali? Dhahabu ya Geita inapatikana ikiwa huru kwa sababu iko chini kabisa kwenye mfululizo wa utendaji, wakati chuma lazima kipokonywe oksijeni kwa kaboni na alumini itake umeme. Ila usibebwe na mawe ya kwetu: mwamba wa Bismarck, ule wa ziwani hapa Mwanza, na wenzake ni graniti, ukiudondoshea asidi hautoi povu. Mfano wa kabonati ni mawe ya chokaa.

Kuhusu wale wanaouza "maswali ya uhakika" wiki mbili kabla ya Novemba, hela hiyo kanunulie karatasi. Mada isiyotoka mwaka jana inaweza isitoke na mwaka huu, na iliyotoka inaweza kurudi. Orodha ya kubashiri inakufanya uache mada nne, na sehemu B haina kuchagua.

Wiki ya mwisho usifungue mtihani mpya. Rudia mitatu uliyofanya vibaya zaidi, kwa saa, na daftari la makosa likiwa limefungwa. Umeme ukikatika jioni, tumia mwanga wa mchana wa Jumapili, saa 3 mfululizo, simu ikiwa chumba kingine. Kikokotoo kiwe kile kile utakachoingia nacho, kile unachokijua kitufe cha mabano kilipo.