Swali la Lugha: "Pasipoti" au "hati ya kusafiria"?

Msomaji wetu wa Morogoro anaandika makala kuhusu safari za Waingereza wa karne ya 18 na 19 barani Ulaya. Mhariri wake amefuta neno "pasipoti" kila mahali na kuweka "hati ya kusafiria", naye anauliza ni nani kati yao aliye sahihi.

Mhariri ana hoja, ingawa amefuta mno. "Hati ya kusafiria" ni jina pana linalojumuisha pasipoti, hati ya dharura na hata barua ya kuomba msafiri apitishwe kwa usalama, ilhali "pasipoti", kwa msomaji wa leo, ni kijitabu chenye picha ya mtu mmoja. Kijitabu hicho hakikuwapo katika zama unazozieleza. Vijana wa kikabaila waliopelekwa Ufaransa na Italia kukamilisha elimu yao walisafiri kwa karatasi moja, na kuanzia 1772 hadi 1858 karatasi zilizotolewa na serikali ya Uingereza ziliandikwa kwa Kifaransa. Karatasi hiyo iliweza kumtaja bwana pamoja na mkewe, watoto na watumishi. Tena, kwa kuwa ya Uingereza ilikuwa ghali, Waingereza wengi walijichukulia ya Ufaransa au ya Ubelgiji, jambo ambalo leo lingewashangaza maofisa wa uhamiaji. Picha ilikuja 1915 na kijitabu 1921, mwaka mmoja baada ya mkutano wa Shirikisho la Mataifa (lililotangulia Umoja wa Mataifa) uliofanyika Paris.

Kwa hiyo, sentensi yako "Kila mtalii Mwingereza alikuwa na pasipoti yake" inapotosha zaidi kwa "kila" na "yake" kuliko kwa "pasipoti". Mwishoni mwa 1860 Ufaransa iliacha kuwadai Waingereza hati hiyo. Basi usiandike kwamba wateja wa Thomas Cook, Mwingereza aliyeandaa safari za kitalii, waliokwenda Uswisi mwaka 1863 walilazimika kuionyesha walipoingia Ufaransa.

Neno "mtalii" libaki, hata kwa wale vijana wa kikabaila, kwani "kutalii" katika Kiswahili cha zamani kulikuwa pia kusoma na kuchunguza.

Mimi ningeandika "hati ya kusafiria" kwa miaka ya kabla ya 1915, nikieleza mara moja tu kwamba Waingereza wenyewe waliiita pasipoti, kisha ningetumia "pasipoti" bila maelezo kuanzia hapo. Sentensi yako isomeke hivi: "Kabla ya 1860, Mwingereza aliyekwenda Ufaransa na jamaa yake aliweza kusafiri nao kwa hati moja."