Bustani ya mimea ya Waojibwe: usianze na dawa

Wiki hii msomaji aliyeko Toronto kaniandikia: "Dada, nimeona picha za bustani yako ya mimea ya Waojibwe. Nianze na dawa gani?" Waojibwe ni wenyeji wa asili wa huku Amerika Kaskazini. Kila mtu ananiuliza hivyo hivyo, basi leo nijibu mara moja.

Usianze na dawa. Anza na wiingashk, nyasi yenye harufu tamu.

Mimi naishi Duluth, jimbo la Minnesota huku Marekani, kando ya Ziwa Superior. Ardhi hii Waojibwe waliitoa kwa serikali ya Marekani kwa mkataba wa 1854, wakabakiza haki ya kuwinda na kuvua. Nilipoacha kufyeka nyasi uani nikapanda mimea ya hapa, Waswahili wenzangu walicheka: "Umetoka Tanga kuja kulima magugu?" Nilinyamaza. Siku hizi hao hao wananiomba mbegu. Nawapa, lakini sijasahau.

Wiingashk ni nyasi ya mahali penye unyevu na jua. Mbegu zake huota kwa shida, kwa hiyo nunua miche kitaluni; mizizi itatambaa yenyewe. Katikati ya kiangazi ikate kwa mkasi, usiing'oe. Mbichi haina harufu ya kutajika. Itandaze kivulini inyauke, hapo ndipo utamu unapotoka, kisha uisuke mafungu matatu kama nywele. Waojibwe huifukiza kwenye sala, nasi tuliokulia kwenye vyetezo hatuhitaji kuelezwa sana. Msuko wangu wa mwaka huu umenyooka mpaka mama mmoja wa Kiojibwe, ambaye hasifii ovyo, akaunusa akatabasamu. Acheni nijivune kidogo.

Asklepia, mmea wenye utomvu mweupe ambao Waingereza huuita milkweed, ndiyo wanayoipenda vipepeo wa monaki. Frances Densmore, mtafiti wa Kimarekani aliyeandika matumizi ya mimea ya Waojibwe mwaka 1928, anasema maua yake yalipikwa, na wengine waliyala kabla ya karamu ili waweze kula zaidi. (Wazee wa pilau za harusi, mmesikia?) Lakini mmea huu una sumu. Usipike kwa kusoma blogu, hata yangu. Mbegu zake zimwage Oktoba zilale chini ya theluji, kwani bila baridi nyingi hazioti.

Na hapa ndipo watu wanaponiudhi. Wanataka orodha ya majani ya kikohozi na tumbo, wachume, waondoke. Mwojibwe huweka chini kwanza tumbaku, ambayo wenyewe huiita asemaa, na kushukuru ndipo achume. Hachukui yote. Wewe ni nani uje na mfuko mtupu na haraka zako? Jirani yako ana elimu ya vizazi, muulize kwa adabu, akikunyima kitu nyamaza. Mimi nimenyimwa mengi, na sina kinyongo.

Dada wa Toronto, huko uliko ni nchi ya Wamississauga, ndugu wa Waojibwe. Wao ndio wa kuwauliza kabla yangu. Kwa sasa tafuta kitalu kinachootesha miche chenyewe, kisichong'oa porini, na uulize miche ya wiingashk inafika lini.