Waya umetoka mkali, lakini upande wa pili uko wapi?

SWALI: Mwalimu, habari. Tangu Januari napiga picha za vizuizi vya Nairobi: seng'enge ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi upande wa barabara ya Southern Bypass, kuta zenye vipande vya chupa, mageti ya mitaa ya Eastlands. Natumia lenzi ya 50mm, nafungua tundu la lenzi hadi f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana) kama tulivyofunzwa, fokasi naiweka kwenye waya. Waya unatoka mkali, bila ukungu, lakini picha zote zinafanana, na mtu mmoja aliziangalia akasema ningeweza kuzipiga popote duniani. Nikihamisha fokasi kwa pundamilia walio ndani, waya unaacha michirizi ya kijivu. Rafiki ananishauri ninunue programu ya akili mnemba iufute. Ninunue? (Msomaji, Umoja)

JIBU: Usinunue. Pesa hizo zifanye nauli ya kurudi Lang'ata, kando ya mbuga, mara kadhaa.

Nianze na hilo neno "tulivyofunzwa". Haipiti wiki sijaonyeshwa picha ya mwiba mmoja wa seng'enge, nyuma yake ukungu mtupu kama uji, na mwenyewe amesimama kando akingoja nisifu ukungu. Kuna watu mjini humu wanaotoza vijana pesa kwa darasa la Jumamosi moja, na somo lote ni hilo: fungua tundu hadi mwisho, nyuma ififie, tayari wewe ni fundi. Kwa bibi harusi, sawa. Kwa kizuizi, umeharibu. Ua humzuia mtu fulani asikifikie kitu fulani. Ukishakififisha hicho kitu, na huyo mtu umemwacha nje ya fremu, kilichobaki ni bidhaa ya hadiwea. Aliyekwambia ungeweza kuzipiga popote hakukuonea.

Kwa hiyo funga tundu. Kama kamera yako ni ya fremu kamili, yaani kihisi chake kina ukubwa wa filamu ya zamani ya 35mm, 50mm kwa f/11 ukiweka fokasi karibu mita 8 itakupa ukali kuanzia kama mita 4 hadi upeo wa macho. Maana yake urudi nyuma ya waya hatua kadhaa, na ukirudi ndipo utakapoanza kuona nani mwingine amesimama upande wako. Ukiazima lenzi ya 28mm, inayoona upana zaidi, mambo ni mepesi zaidi: f/11, fokasi mita 2 na nusu, kila kitu kuanzia mita moja na robo kinasomeka. Mwanga ukipungua pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Chembechembe hazijaniulia picha hata moja.

Pundamilia ni hesabu nyingine, na hapo kweli utafungua tundu. Ukigawanya 50 kwa 1.8 unapata tundu lenye upana wa milimita 28 hivi. Waya wa milimita 3 unaziba sehemu ndogo tu ya upana huo. Mwanga wa pundamilia unaupita kando. Kwa f/16 tundu lingebaki milimita 3, na waya ungeliziba lote. Basi f/1.8 yako haikuwa na kosa. Kosa, nadhani, ni kwamba ulisimama mbali na ua, na jua lilikuwa likiupiga waya upande wako. Ukiukaribia, ukungu wake hutandazwa picha nzima, jicho lisiuone. Tafuta sehemu ya waya iliyo kivulini, na mnyama awe mbali nyuma yake. Wanaopiga kwa simu hawana bahati hiyo, tundu lao halizidi sana unene wa waya wenyewe. Wao watafute mwanya wapitishe jicho la kamera.

Lakini hebu niulize: kwa nini mbuga ile? Ilitangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 hivi, na imezungushiwa ua pande tatu tu. Kusini ni Mto Mbagathi, na ng'ambo yake nyanda za Kitengela ambako wanyama wametoka na kuingia tangu zamani. Ukienda huko utakuta vizuizi visivyo vya mbuga: seng'enge za watu binafsi, vigingi vya viwanja vilivyopimwa juzi. Mimi ningeacha Southern Bypass nikaanzia huko.

Na si kila kizuizi kina waya. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kiwanja hakiuzwi, na maneno hayo yanazuia kuliko matofali yenyewe. Daftari la soja getini, pale unapoacha kitambulisho, ni kizuizi. Ua wa kayaba uliokatwa vizuri ni miiba mitupu, ila watu huuita bustani. Wakoloni waliwagawa wakazi wa mji huu kwa rangi ya ngozi: Wazungu kwenye vilima, Waasia Parklands na Ngara, Waafrika Eastlands. Huo ukuta haukujengwa, kwa hiyo usiutafute. Panda matatu kutoka kwenu Umoja, Eastlands, hadi Muthaiga, mmoja wa mitaa iliyokuwa ya Wazungu, uangalie ni wapi miti inaanza kuwa mikubwa.

Nirudi kwa programu. Haioni kilicho nyuma ya waya, inakibuni. Mistari ya pundamilia itakayokuwekea hakuwa nayo pundamilia yeyote. Shindano la kimataifa la picha za habari la World Press Photo, kwa mfano, halipokei picha iliyoongezwa au kuondolewa vitu, na hata bila shindano, mradi wa kupiga picha za vizuizi ambao kizuizi kimefutwa ni mradi wa nini?

Njia ya mkato inayoniudhi kuliko hiyo haihitaji hata kompyuta. Nimemwona mtu mzima, kamera ya bei shingoni, akimpa mtoto shilingi hamsini ashike seng'enge kwa mikono miwili na kununa. Kabla ya kuitwa, mtoto yule alikuwa akicheza bano, yaani gololi, na mwenzake. Mwenzake alikuwa upande wa pili wa ua, na bano zilikuwa zikipita chini ya waya huku na huku. Mpiga picha alizikanyaga akitafuta pembe.

Ukirudi mbugani, kumbuka ua ule una umeme. Nilikwambia ukaribie, sikukwambia uuguse: nusu mita inatosha, kamba ya kamera ifupishe isining'inie, na ile traipodi ya chuma iache nyumbani.