Mchoraji kati ya waandika programu

Dada, umeuliza mbona michoro yako inapita kimya kule GitHub, tovuti ambapo waandika programu huweka na kushirikiana kazi zao, na kijana mwenye mistari kumi ya msimbo anashangiliwa. Si kipaji. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ambayo GitHub imejengwa juu yake, huonyesha mabadiliko ya maandishi mstari kwa mstari. Picha ya PNG watu wataiona, sawa, lakini faili ya Krita, programu ya kuchorea, yenye tabaka zake inaonyeshwa tu kwamba imebadilika. Nilikesha hapa Kisumu nikirekebisha tanga kwenye mchoro wangu wa mashua ya ufuko wa Dunga, upepo ulijaze vizuri, kisha nikauweka huko. Swali la kwanza nililopata? "Umetumia programu gani?" Tanga hakuna aliyeligusa! Jaribu wanaotengeneza michezo ya kompyuta. Wale wanahitaji wachoraji kweli, na watakuuliza kuhusu rangi.