Oili ya giaboksi na ya difu: kwa nini kopo moja halitoshi

Ndugu yangu wa Moshi, umeeleza kwamba umenunua Hilux iliyotumika, ya gia za mkono, na kwamba fundi wako anataka kumwaga oili ya giaboksi, transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) na difu zote mbili (masanduku ya gia ya kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma), kisha ajaze 85W-140 kila mahali kwa sababu "gari likizeeka linataka oili nzito". Ushauri huohuo nilipewa mimi hapa Arusha, katika gereji moja ya Unga Limited, nikaukubali, na nikaujutia kwa miezi minne.

Wakati huo nilikuwa nikiishi Sakina. Asubuhi za mwezi wa saba, baridi ya Mlima Meru ikiwa imeshuka, gia ya pili ilikataa kuingia, na nikiilazimisha ilikwaruza kwa sauti ya mfupa unaotafunwa, hivyo nikawa naondoka na gia ya kwanza na kurukia ya tatu mpaka ninapokaribia Ngaramtoni, ambako oili ilikuwa imekwisha kupata moto na gia zote zikaingia bila matatizo. Fundi aliniambia klachi imekwisha. Lakini klachi iliyokwisha haiponi baada ya kilomita chache, na hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka oili.

Ndani ya giaboksi, gia za kwenda mbele zina ringi za sinkronaiza, ambazo mara nyingi ni za shaba. Kazi ya ringi ni kuikaba gia kwa msuguano ili mwendo wake ulingane na wa shafti kabla meno hayajakutana. Oili nzito ikiwa bado baridi haiondoki upesi kati ya ringi na gia, kwa hiyo ringi huteleza pale inapotakiwa kukaba, na meno hukutana yakiwa yanakwenda kwa mwendo tofauti. Mkwaruzo unaousikia ndio huo.

Wengi wetu husoma namba za uzito, kama 85W-140, wakaacha herufi za daraja, kama GL, na kwa maoni yangu herufi ndizo zenye uzito zaidi. GL-4 na GL-5 ni madaraja ya Taasisi ya Petroli ya Marekani, yanayoonyesha oili inaweza kulinda meno chini ya mzigo wa kiasi gani. Katika difu ya Hilux, pinioni (gia ndogo inayoleta nguvu) haikutani na krauni (gia kubwa ya duara inayozungushwa nayo) katikati kabisa. Imewekwa chini kidogo, na kwa sababu hiyo meno husuguana kwa kuteleza huku yakibeba mzigo mkubwa, kiasi kwamba utando wa kawaida wa oili hukamuliwa na kutoka. Kinachookoa chuma hapo ni dawa ya salfa na fosforasi, ambayo kwa joto la msuguano hutengeneza ngozi nyembamba juu ya meno. GL-5 ina dawa hiyo karibu mara mbili ya GL-4, na harufu kali inayokupiga puani unapofungua nati ya difu ni ya salfa hiyo.

Dawa hiyohiyo, ikipata joto, inaweza kuila shaba polepole, na utelezi wake huipunguzia sinkronaiza nguvu ya kukaba. Sisemi kwamba GL-5 huua giaboksi: za siku hizi zimepunguzwa ukali, na kitabu cha gari langu kinaruhusu 75W-90 ya GL-4 au ya GL-5. Hata hivyo, nikipewa nafasi ya kuchagua, kwenye giaboksi na transfa naweka GL-4. Kosa baya zaidi ni la upande wa pili, yaani kuweka GL-4 kwenye difu kwa kuwa imebaki kwenye kopo. Difu inataka GL-5, namba 90 au 80W-90, na kwa baridi ya Arusha au Moshi hiyo inatosha kabisa. Kama karibu na nati ya kujazia kuna kibandiko kinachotaja LSD, yaani difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure, hiyo inahitaji oili yake maalumu.

(Wenye Subaru za otomatiki wajihadhari: difu ya mbele imo ndani ya bodi ya giaboksi lakini ina oili yake ya GL-5 na dipstiki yake. Nimeshuhudia fundi akiimwaga hiyo akidhani ni haidroliki (oili ya giaboksi ya otomatiki), kisha akaongeza haidroliki mpya juu ya ile ya zamani.)

Kabla ya kumwaga chochote, mwambie fundi afungue kwanza nati ya juu ya kujazia, kwani ikikataa kufunguka baada ya ile ya chini kumwagwa, gari limelala hapo. Kisha itazame sumaku ya nati ya chini. Ujiuji mweusi laini kama wanja ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari nyingine. Difu yangu ya nyuma ilitoa oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maana nilikuwa nimevuka kijito difu ikiwa ya moto, nayo tundu lake la kupumulia lilikuwa limezibwa na tope, kwa hiyo hewa ya ndani ilipopoa na kusinyaa ilivuta maji kupitia kwenye sili. Tundu hilo lizibue sasa, maana halina gharama.

Nunua makopo yenye lakiri, uachane na oili ya kupima kutoka kwenye pipa. Gari likiwa mahali tambarare, jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia, kisha funga. Endesha hadi Himo na kurudi, ulilaze juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, na asubuhi uangalie kama kuna tone chini ya pinioni.