Khanga hiyo unamwambia nani?

Shangazi anajibu barua za wasomaji

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Korogwe. Kila asubuhi naweka msemo kwenye stetasi ya WhatsApp, na picha ya maua au ya jua likizama. Watu wanasifia. Lakini nikikaa niandike japo ukurasa mmoja wa jambo langu mwenyewe, kalamu inagoma. Simu imejaa picha hadi haipokei nyingine, misemo nimenakili daftari zima, na kichwa bado kitupu. Hamasa niitafute wapi?*
— Mwalimu, Korogwe

Marahaba, mwanangu. Kabla ya safu hii nilikuwa nauza khanga Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, kwa hiyo niruhusu nikujibu kidukani.

Mteja wa khanga huanza na rangi. Atakushushisha doti zote, atalalamika kwamba nyekundu imekolea mno, atauliza kama inachuja. Akishaipenda moja ndipo husema: "Hebu nisomee jina," yaani ule msemo uliochapwa juu yake. Biashara ilikuwa hapo. Khanga pindo limetulia, mji, yaani sehemu ya katikati, umependeza, inarudishwa juu kwa sababu ya maneno, maana mnunuzi alitoka kwake akiwa na mtu wake kichwani. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake": huyo ana jirani. "Wema hauozi" niliwauzia wengi. Mmoja alimpelekea mama mkwe kumshukuru. Mwingine aliivaa mwenyewe, jina likaja sawasawa nyuma, akapita taratibu mlangoni kwa ndugu ambaye yeye alimsaidia zamani na sasa anajifanya hamjui. Maneno ni yale yale, lakini ya kwanza ilikuwa zawadi na ya pili ilikuwa kesi.

Misemo yako ya asubuhi, mwalimu, haimwendei mtu. Unawawekea wote waliomo kwenye simu, kuanzia mkuu wa shule hadi fundi bomba, basi haimgusi yeyote, na wewe wa kwanza. Lifungue hilo daftari. Kando ya kila msemo andika jina la mtu ambaye ungempa kama ungekuwa umechapwa kwenye khanga, na kwa nini umpe yeye. Usipompata, ufute. Utabaki na michache, na kila mmoja utakuwa na kisa nyuma yake. Andika kisa. Msemo wenyewe hata usiutaje.

Ukikwama, nenda kwenye sanduku la mama. Mwombe akutolee khanga za zamani moja moja, umuulize: hii alikupa nani, ilikuwa shughuli gani, na ulijua anakusudia nini? Usimkatize. Huenda ukakuta zile zenye "Mali ya Abdulla", alama ya Kaderdina Hajee Essak, wafanyabiashara wa Mombasa, ambayo wateja wangu wengine waliitafuta kabla hata ya kutazama rangi. (Jambo hili limenichekesha miaka yote: wanawake wanasutana kwa mafumbo makali, na wote wawili wamejifunga mali ya Abdulla.)

Sasa hizo picha. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio pale Zanzibar mwaka 1930, mtu hakwenda kupigwa picha kwa bahati mbaya. Alichagua nguo, akapaka wanja, akakaa akatulia. Baadaye zikaja kamera za mkanda wa picha 36, na hata huo tuliubania: moja ya bibi, moja ya mtoto mchanga, nyingine zinangoja Idi. Jiwekee mkanda wako mwezi huu. Picha 36, kitu kimoja. Jua likizama liache, lina wapiga picha wa kutosha. Wewe uko Korogwe. Nenda kwenye mkonge ukaangalie nyuzi zikianikwa juani, zikiwa bado na maji na zikishakauka. Au simama kituo cha mabasi utazame mikono tu ya wauza matunda inavyonyanyuka hadi dirishani, chenji ikirudi huku basi limeshaanza kuondoka. Omba ruhusa kwanza, na ununue kitu. Usisimame pale kama mkaguzi. Ukifika picha ya ishirini utaanza kuchoka, na hapo ndipo ninapokutaka, kwa sababu zile za rahisi zitakuwa zimekwisha.

*Shangazi, napiga picha za mahafali kwa simu. Mchana macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Rafiki yangu ananiambia ninunue kamera. Ninunue?*
— Kijana wa Ukonga

Hela yako iache ilipo. Jua letu la saa sita linakaa utosini, na mwanzoni mwa Machi na Oktoba, kwa Dar es Salaam, ni utosini kwelikweli. Paji la uso linatia kivuli machoni, na kamera ya bei yoyote itakiona kivuli hicho hicho. Wasogeze wahitimu barazani, au mlangoni wakitazama nje, na mbele yao pawe na ukuta mweupe uliopigwa jua ili mwanga uwarudie usoni. Chini ya mwembe uwe mwangalifu: majani yenye matundu yatawatia madoa kama chui. Kwenye kioo cha simu gusa uso, si joho. Na ifute lenzi, mwanangu, mafuta ya maandazi yanaharibu picha nyingi kuliko jua.

Kama wanaweza kusubiri, anza saa kumi na moja na nusu jioni. Lakini uwe umeshawapanga, kwa sababu huku kwetu jua likishashuka giza halichelewi.

*Mume wangu amestaafu. Kila baada ya alasiri yuko kijiweni kwenye kahawa hadi magharibi. Nikiuliza, anasema anatafuta mawazo ya mashairi. Shairi sijaliona. Nimwamini?*
— Mama wa Magomeni

Mwamini, lakini kwa risiti. Kijiwe kweli kina mali: pale utasikia mtu anavyokwepa swali la deni, anavyosifu timu iliyofungwa, anavyomtania aliyeoa jana. Kahawa chungu na kipande cha kashata vimefungua vinywa vingi. Ila mawazo yasiyofika nyumbani huwezi kuyahesabu. Mpangie akuletee ubeti mmoja kila jioni: mishororo minne, mizani kumi na sita kila mmoja, vina vya kati na vya mwisho vikae sawa. Wewe uhesabu kwa vidole akiwa anasoma, na ukipata kumi na tano asile kwanza. Siku asipokuwa na ubeti alete kashata, na ziwe za nazi, maana za karanga kwa umri wetu zinataka meno ambayo hatuna.